Mtoto Huyu Haogeshwi

Si zamani sana, maana simu za mkononi zilikuwa zimeshaenea na watu walikuwa wameshazoea kuzitazama kabla ya kusalimiana, palikuwa na nchi iliyopenda picha. Nchi hiyo ina jina, lakini wenyewe hawapendi litajwe ovyo, basi tuliache.

Viongozi wa nchi hiyo walipozindua kisima, walipiga picha kwanza, kisha wakaenda zao, na maji yangefuata baadaye yakijaliwa. Walipomtembelea mgonjwa, mgonjwa aliombwa asiinuke wala asipate nafuu mpaka mpiga picha apate mwanga mzuri. Hapakuwa na ubaya wowote. Kila mtu alijua kwamba serikali iliwapenda watu wake, kwa sababu ilikuwa na picha za kuthibitisha.

Ili mapenzi hayo yasipotee iliundwa Wizara ya Nyuso, na waziri wake alikuwa Mheshimiwa Daktari Shaibu Ulimbo, mtu mwenye suti nyingi na shingo kidogo. Yeye ndiye aliyeleta Sheria ya Ridhaa, iliyosema kwamba picha ya mtoto haiwezi kutumiwa mtandaoni bila ridhaa ya mzazi. Watu walipiga makofi. Kisha sheria ikaendelea kueleza kwamba mzazi aliyekwisha kuirusha picha ya mtoto wake, hata kwa shangazi tu, atahesabiwa kuwa ameridhia itumiwe na yeyote. Na mtoto aliyenyamaza atahesabiwa kuwa ameridhia zaidi. Makofi yalikuwa bado hayajaisha, kwa hiyo yakahesabiwa kuwa ni ya sehemu hiyo pia.

*

Katika mji mmoja mdogo wa nchi hiyo, nyuma ya soko la nafaka, aliishi Bibi Mwanaidi na mjukuu wake Zawena. Mama yake Zawena, Hidaya, alikuwa mtoto wa pekee wa Bibi, na alifariki Zawena akiwa hajaanza shule. Baba yake alikuwa amekwenda kutafuta maisha, na inaelekea aliyapata, maana hakurudi.

Hidaya alipenda kupiga picha. Alimpiga Zawena akila, akilala, akimfukuza kuku, akifukuzwa na kuku. Lakini kwa kuwa siku zote yeye ndiye aliyeshika simu, yeye mwenyewe hakuonekana popote, isipokuwa katika picha moja tu.

Siku hiyo Zawena alikuwa amepona tetekuwanga. Vipele vilikuwa vimekauka, vimebaki vidoa vyeusi uso mzima. Hidaya alipiga magoti kando ya beseni uani, akampaka sabuni kichwani, na mtoto akafungua mdomo akalia mpaka majirani wakauliza kuna nini. Hidaya akamwekea kiganja kwenye paji la uso, kama ukingo wa kofia, povu lisimwingie machoni. Mwenyewe alikuwa anacheka, akamgeukia Bibi.

"Mama, tupige! Tupige hivi hivi!"

Bibi Mwanaidi hakuwa amewahi kupiga picha. Aliishika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi, akabonyeza. Picha ikatoka. Ilikuwa imelala upande kidogo, lakini ilitoka.

Hidaya akairusha kwa ndugu na marafiki waliokuwa wakimuulizia mtoto, akaandika chini yake: "Amepona jamani! Analia kwa afya." Watu wakamjibu kwa vimoyo vyekundu vingi. Mwaka haukugeuka, Hidaya akashikwa na homa, na homa ile ikamchukua.

Basi kila jioni, baada ya kula, Zawena alikuwa akisema, "Bibi, tumwone mama." Bibi anafungua simu, wanatazama wote wawili. Hidaya anacheka, kanga ameifunga kiunoni, na nyuma ya ule mkono wake kuna kovu lenye umbo la jani, alilolipata alipochomwa na mafuta ya maandazi. Wakishatazama, wanalala.

*

Mwaka ambao Zawena alikuwa darasa la pili, Wizara ya Nyuso ilikuwa inatafuta uso wa Kampeni ya Taifa Safi. Wataalamu walipekua picha za watoto wote ambao wazazi wao walikuwa wameridhia bila kujua, wakakutana na ile ya Zawena: vidoa, machozi, mdomo wazi. Wakasema, uchafu ndio huu.

Walimkata Hidaya, kwa sababu alikuwa anacheka na kampeni ilikuwa ya kusikitisha. Wakakata beseni na maji, visije vikawachanganya wananchi. Povu kichwani wakalifanya lifanane na vumbi. Mkono ndio uliowashinda, maana haukukubali kuondoka bila kuondoka na paji la uso, wakauacha. Si rahisi kumpata mtoto asiyeoga akakaa atulie apigwe picha, kwa hiyo walimtumia anayeogeshwa. Tofauti ni ndogo. Chini wakaandika kwa herufi kubwa: MTOTO HUYU HAOGESHWI. WAKO JE?

Picha hiyo ikawa inatokea kwenye kila simu inapowashwa. Bango lake kubwa likasimamishwa mkabala na shule, ili wanafunzi wapate kujifunza.

Nao walijifunza upesi.

"Haogeshwi kaja! Haogeshwi kaja!"

"Msimguse, mtaota madoa!"

"We Haogeshwi, leo umeoga au unangoja mvua?"

Zawena aliyavumilia hayo. Lakini siku moja mtoto mmoja, ambaye hakuwa mbaya kuliko wengine, alisema, "Mama yake alimwacha hivyo hivyo mchafu mpaka akafa." Siku hiyo Zawena alirudi nyumbani, akachukua upande wa kanga ya Bibi, akajifunga uso mzima, akabakiza macho. Hakuifungua tena akiwa nje. Mwalimu wake, Mwalimu Nyamizi, hakumlazimisha. Aliliambia darasa kwamba Zawena ana mafua, na muhula ulipokwisha mafua hayo yalikuwa bado hayajapona.

Usiku Zawena akauliza, "Bibi, ni kweli mama alikuwa haniogeshi?"

"Si unamwona mwenyewe kwenye picha?"

"Namwona. Lakini watu wote wanaona ile nyingine."

Kulipokucha Bibi Mwanaidi akatoa kanga zake za kutokea, akamwacha mtoto kwa jirani, akaenda mji mkuu kuomba bango lishushwe, mjukuu wake apate kutembea na uso wake, na mwanawe apumzike na jina lake.

*

Mlango wa Wizara ya Nyuso ulikuwa wa kisasa. Haukuwa na kitasa; ulikuwa na kamera, na ulimfungukia anayetabasamu tu. Bibi alisimama mbele yake muda mrefu. Alijaribu kutabasamu, mlango ukamkatalia.

Mlinzi mmoja mzee akamsogelea, akamwambia polepole, "Fikiria kitu kizuri, dada yangu. Wote huwa nawaambia hivyo."

Bibi akamfikiria Hidaya uani, na kiganja chake, na kicheko chake. Mlango ukafunguka. Akaingia akijifuta machozi.

Ndani hapakuwa na viti vya wageni, kwa kuwa wageni waliokaa chini walikuwa wanaharibu picha za ofisi. Karani kijana aitwaye Pazi akainuka, akamsogezea kiti chake mwenyewe.

"Shikamoo, bibi. Karibu ukae."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba picha ya mjukuu wangu ishushwe. Ile ya bango."

"Nani aliyeridhia itumiwe?"

"Hakuna. Mama yake aliwatumia ndugu zake tu, wajue mtoto amepona."

"Basi huyo ndiye aliyeridhia. Na ridhaa huondolewa na yule yule aliyeitoa. Aje mwenyewe."

"Ameshafariki."

Pazi aliinamisha kichwa. "Pole sana, bibi." Akafunua kitabu cha kanuni, akasoma, akafunga, akafunua tena kama anayetumaini pengine pamebadilika. "Hapa wanasema, aliyeridhia akifariki, ridhaa yake inaendelea kuishi."

"Mwanangu afe, ridhaa iishi?"

"Ndivyo walivyoandika, bibi."

"Na mtoto mwenyewe je? Uso si wake?"

"Ni wake. Ila hajafikisha umri wa kukataa. Umri wa kukataa ni utu uzima."

"Na umri wa kukubali?"

"Tangu kuzaliwa."

"Basi nisikilizeni mimi. Aliyepiga hiyo picha ni mimi."

Hapo mkuu wa Pazi, aliyekuwa meza ya pili anakula karanga, akainua kichwa. "Wewe ndiye uliyepiga? Ulimpiga mtoto mdogo picha? Ulikuwa na ridhaa ya mzazi?"

"Mzazi alikuwa palepale, baba. Alikuwa anacheka."

"Kucheka si ridhaa, mama. Labda kuwe kucheka kwa maandishi." Akamweleza kwamba kosa hilo lina kifungo, lakini kwa sababu ya uzee wake na busara ya serikali, atasamehewa ikiwa ataondoka kabla karanga hazijaisha.

Pazi alimsindikiza mpaka mlangoni. Ukutani palikuwa na lile tangazo, nakala ndogo. Akalitazama kwa muda.

"Bibi, huu mkono ni wa nani?"

"Wa mama yake."

"Kila siku najiuliza. Naona kama unazuia kitu."

"Unazuia povu, lisimwingie machoni."

"Kumbe lile ni povu," alisema Pazi. Katika jumba lile zima, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona povu. Kisha akamnong'oneza, "Waziri anakuja kwenu kuzindua bango. Mwombe palepale, bibi. Mbele ya kamera huwa anasikiliza."

*

Bango lilikuwa limesimama muhula mzima, lakini kwa kuwa lilikuwa halijazinduliwa, kiserikali lilikuwa halipo. Likafunikwa kitambaa, na watu wakakusanywa. Kiti cha mbele kilikaliwa na mama mzazi wa Waziri, Mama Shaibu, mzee mdogo wa umbo, aliyeletwa ili apigwe picha akijivuna.

"Ndugu wananchi!" alianza Mheshimiwa Ulimbo. "Uso wa mtoto ni rasilimali! Ni kama dhahabu! Ni kama mbuga! Wapo wanaouliza, mtoto ni wa nani? Nami nawajibu, kwa unyenyekevu wangu mkubwa ambao nchi nzima inaujua, na nchi jirani pia: mtoto ni wa taifa! Mzazi ni mtunza ghala!"

Watu wakapiga makofi. Bibi Mwanaidi akasimama.

"Mheshimiwa, mwanangu, nina ombi."

"Sema, mama yangu, sema! Usiogope, tunarekodi."

"Mtoto wa kwenye bango ni mjukuu wangu. Yale si uchafu, ni tetekuwanga. Alikuwa anaogeshwa. Na ule ni mkono wa mama yake, ambaye ni mwanangu, na hakuwahi kumlaza mchafu hata siku moja. Naomba mmshushe, mnirudishie."

Mheshimiwa akashuka jukwaani, akamkumbatia Bibi, akamshikilia mpaka wapiga picha wote walipotosheka.

"Mama, furahi! Mjukuu wako ni maarufu. Ni wangapi wanaolitamani hilo?"

"Anajifunika uso, Mheshimiwa. Hataki kuonekana."

"Ajifunike tu, mama, asione taabu," alisema Waziri kwa upole, akinyoosha kidole juu. "Sisi tunao huu hapa."

Akavuta kamba, kitambaa kikaanguka, na bango likaanza kuwapo.

Watu walipotawanyika, Mama Shaibu akamshika Bibi mkono, wakakaa pamoja.

"Usilie, mwenzangu. Huyu wangu unayemwona, maji alikuwa anayaogopa kuliko nyoka. Mpaka ana meno ya ukubwani nilikuwa namkimbiza uani na kopo la maji, majirani wanacheka. Mtoto wako ana jina gani?"

"Zawena."

"Nipe namba yako ya simu, nitamtumia salamu."

Jioni hiyo Mama Shaibu akaitoa ukutani picha ya zamani, akaipiga kwa simu, akairusha ulimwenguni kama alivyofundishwa. Mheshimiwa Daktari Ulimbo, mtoto, amesimama kwenye karai, makamasi mpaka kidevuni, analia, na mkono wa mama yake umemkamata sikio. Akaandika: "Mjukuu wangu Zawena, usione haya. Hata Waziri aliogeshwa akilia. Ni mimi mama yake."

Ni wema mkubwa. Zawena aliitazama picha ile, na nyuma ya kanga Bibi akasikia kitu ambacho hakuwa amekisikia muda mrefu. Mtoto alicheka.

*

Nchi nzima ilicheka pia, na hapo ndipo serikali ilipoona kwamba hali ni mbaya. Kabla Waziri hajanywa chai, kila simu ilikuwa na makamasi yake.

"Iondoeni!" alifoka Mheshimiwa.

"Haiwezekani, Mheshimiwa," akajibu yule mkuu wa Pazi. "Imerushwa na mzazi. Ridhaa ipo."

"Uso ni wangu! Mimi nakataa!"

"Mheshimiwa, hapo pichani ulikuwa hujafikisha umri wa kukataa."

Kwa mara ya kwanza Waziri akaisoma sheria yake, akaiona kuwa ni ya kikatili. Baraza likakutana. Aibu ya Zawena ilikuwa imekaa muhula mzima ikikosa nafasi kwenye ajenda. Ya Waziri ilipata nafasi mchana ule ule. Ikatoka Amri ya Kulinda Utoto. "Tumekisikia kilio cha mtoto," ilisema, bila kusema ni mtoto yupi.

Amri iliagiza kwamba nyuso zote za watoto, wa sasa na wa zamani, zifutwe: mtandaoni, mabangoni, ukutani na ndani ya simu za watu. Watoto wasionekane hata kwa bahati mbaya, na simu yoyote itakayoelekezwa kwa mtoto ijizime yenyewe. Wizara iliyokuwa imeshindwa kuondoa picha moja iliziondoa zote kwa siku moja. Uwezo ulikuwapo siku zote.

Bango la shuleni likashushwa watoto wakiwa darasani. Zawena aliliona kutoka dirishani likilala chini. Akafungua kanga usoni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya dawati. Mwalimu Nyamizi akasema, "Naona mafua yamepona," akageukia ubao, akakaa ameugeukia kwa muda.

Jioni hiyo walikula wali kwa maharage, Zawena akasimulia, akasimulia, mpaka chakula kikapoa. Kisha akasema, "Bibi, tumwone mama."

Bibi akafungua simu. Mahali pa picha palikuwa na kijivu kitupu, na maneno: "Mtoto huyu sasa yuko salama."

Akafunga, akafungua. Akaizima simu, akaiwasha. Akaifuta kioo kwa ncha ya kanga.

"Labda haijaamka vizuri," alisema.

Ikaita ikiwa mkononi mwake. Alikuwa Mama Shaibu.

"Mwenzangu, na kwako wamefuta?"

"Wamefuta."

"Kwangu wamekuja mpaka ukutani. Nimewaambia huyo ni mwanangu, wakaniambia ndiye aliyewatuma. Yule mtoto wangu aliyekuwa akinikimbia wameondoka naye. Wameniachia Waziri."

Wakakaa kimya wote wawili, kila mmoja na simu yake sikioni, mpaka salio likaisha.

*

Siku zilizofuata Zawena alikwenda shule uso wazi, akacheza, akarudi na vumbi kama watoto wengine. Lakini jioni alikuwa na maswali.

"Mama alikuwa anacheka mdomo wazi au umefungwa?"

"Wazi. Meno yote nje."

"Kanga yake ilikuwa rangi gani?"

"Ya kijani," alisema Bibi. Kisha akalala macho, kwa sababu hakuwa na uhakika, na hapakuwa tena na mahali pa kwenda kuuliza.

Jumamosi moja Pazi akabisha hodi. Alikuwa amesafiri kwa ajili ya kusimamia uchomaji wa mabango, na alikuwa amebeba kitu kirefu kilichoviringishwa ndani ya mkeka, kama mtu anayetoka dukani.

"Shikamoo, bibi. Huyu ndiye Zawena?"

"Marahaba. Ndiye. Karibu ndani, mwanangu, utakunywa uji."

"Nitakunywa. Kwanza nisaidieni kushika huku." Akaanza kukunjua. "Amri inasema tuchome nyuso za watoto. Nimeisoma mwanzo mpaka mwisho. Huu si uso, na wala si wa mtoto."

Ulikuwa mkono. Alikuwa ameukata kwa mkasi kwa uangalifu, kidole kwa kidole. Kwa kuwa ulitoka kwenye bango, ulikuwa mkubwa kama kitanda, na lile kovu lenye umbo la jani lilikuwa pana kama jani la mgomba mchanga.

Bibi akakigusa kidole kimoja kwa kidole chake.

Wakaupigilia misumari ukutani. Pazi akanywa uji, akaaga, akaenda kumalizia kuchoma. Zawena akabaki anautazama. Kisha akasogea, akaupa ukuta mgongo, akasimama chini ya kile kiganja, palepale palipokuwa na paji lake la uso. Akafunga macho kama anayeogopa povu.

"Bibi, tupige. Tupige hivi hivi."

Simu ingejizima. Bibi Mwanaidi akaiacha mezani. Akainua mikono yake miwili mitupu, kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi, akasubiri mpaka mtoto akatulia, akabonyeza.

"Imetoka?" akauliza Zawena, macho bado ameyafumba.

"Imetoka, mama," alisema Bibi. "Imelala upande kidogo, lakini imetoka."